Mshono wa Katikati

Macho ya binadamu yana kiburi. Yakishaona kitu, humwambia mwenyewe kwamba amekijua. Mtu hutazama mzigo kichwani mwa mwenzake akausemea uzito, hutazama njia ya mwenzake akaikadiria urefu, kumbe shingo si yake wala miguu si yake. Shida ya mwenzio huijui kwa kuchungulia mlangoni, hata kama mlango wenyewe ni wa nyumba mnayolala pamoja. Ndivyo ilivyomtokea Sidonie, fundi cherehani wa Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kiangazi cha mwaka 2009. Tena jambo lenyewe lilianzia kwenye nguo ambayo watu wenye adabu hawaitaji mbele ya wageni.

Sidonie alikuwa ametoka Fizi, huko Kivu ya Kusini, miaka saba kabla ya hapo, yeye na mumewe Appolinaire na mtoto wao wa kwanza, Divine, mgongoni. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa kando ya barabara ya Juru, chini ya kipande cha turubai, na sifa yake ilikuwa moja tu: mshono wake haukupasuka. Sare za shule alizozishona zilirithiwa na wadogo, kisha wadogo wa wadogo. Alishona, akakunja, akashona tena juu yake, mpaka mshono ukasimama kama ukambaa. "Kitambaa kitachoka," aliwaambia wateja, "mushono wangu hautachoka."

Appolinaire alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye haya kama mwali. Tangu wafike Nakivale alikuwa akilima maharagwe katika mashamba ya watu. Mwezi wa sita mwaka huo bahati ikamtembelea. Mjini Mbarara, karibu na kambi ya jeshi, aliishi mke wa askari aitwaye Mastula, muuza vifaranga wa siku moja. Kila Jumamosi asubuhi maboksi yake yalishuka kwa basi kutoka Kampala, kila boksi na matundu yake, kila tundu na mdomo mdogo uliolia. Mastula alitaka mtu wa kuyasambaza kwa pikipiki: ateremke Isingiro, afike hadi Kikagati kule mpakani, kisha amalizie Nakivale. Ukiongeza na safari ya alfajiri ya kutoka Juru kwenda kuyachukua, zilikuwa kilomita karibu mia mbili za vumbi na jua. Pikipiki ilikuwa ya Mastula mwenyewe, nyekundu, nzima, naye dereva angekaa nayo wiki nzima.

"Sikia, ssebo," Mastula alimwambia siku ya kwanza, mikono kiunoni. "Kuku mutoto hapana taka jua. Ukitembea, anapata upepo. Ukisimama, boksi inakuwa chungu, anapikika. Wewe hapana simama-simama njiani. Mimi nakujaribu Jumamosi tatu. Ukiniletea maiti, pikipiki napatia mutu mwingine. Sina maneno mingi."

Na huyo mtu mwingine alikuwapo. Kalume, dereva wa pale pale Juru, aliendesha pikipiki kuukuu iliyokohoa kama mzee wa kiko, na macho yake hayakubanduka kwenye ile nyekundu. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno kuliko wa chuki, alimpa Appolinaire ushauri: "Kaka, weye ni mugeni wa safari ndefu. Nunua kalesoni ya nailoni. Inakauka mbio." Appolinaire akanunua nguo ya ndani ya nailoni sokoni Mbarara, nyembamba, yenye kubana, inayong'aa kama samaki.

Jumamosi ya kwanza alisimama mara sita. Vifaranga ishirini na tisa walikufa.

Kesho yake, kanisani, Appolinaire alisimama. Watu walikaa, yeye akasimama. Somo likasomwa, akasimama. Mahubiri yakaingia saa ya pili, yeye bado yuko wima kama mlingoti. Mchungaji alifurahi sana. "Mutazame ndugu yetu Appolinaire!" alipaza sauti. "Roho amemusimamisha! Ninyi mwenye kusinzia, mutazame!" Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Sidonie naye alivimba kichwa kidogo, mpaka alipomwona mumewe akijaribu kujishusha kwenye benchi taratibu, kisha akaruka juu kana kwamba benchi lilikuwa na makaa.

Walipofika nyumbani alimwekea chakula. Appolinaire akala amesimama, sahani mkononi.

"Baba Divine, una nini?"

"Hapana kitu."

"Mutu mwenye hana kitu anakulaka bugali amesimama?"

Appolinaire akatafuna kwanza. "Inauma."

"Fasi gani?"

"Fasi ya kukalia."

"Matako?"

"Mama Divine! Batoto banasikia." Akageukia ukutani na sahani yake.

Sidonie hakuuliza zaidi. Kwake yeye jibu lilitosha, kwa sababu fasi ya kukalia inajulikana. Akaitupa ile nailoni kwenye takataka, akachukua mabaki ya kitenge cha kwaya, kizito, kipya, kinachokwaruza kikikunjwa. Akakata bukta pana ya kuvaa ndani ili upepo upite. Nyuma akaweka tabaka mbili, matako yapate godoro lake. Kisha akashona kama alivyojua kushona: mara mbili kila upande. Mishono minne ikakutana katikati, chini kabisa, na pale alipita mara ya tatu kwa sababu mahali hapo ndipo nguo za watu wengi hupasukia. Alishona mbili zinazofanana, moja ya mumewe na moja ya kwake.

"Ya kwako ya kazi gani?" Appolinaire aliuliza.

"Ya kujaribia. Miye siuzi kitu chenye sikijui."

Jumanne walikwenda Mbarara pamoja, kwa kuwa Sidonie alikuwa anataka nyuzi. Alivaa bukta yake chini ya sketi, akapanda nyuma ya mumewe kama walivyopanda kina mama wote wa Juru: upande, miguu yote miwili imening'inia kushoto, mkono mmoja umeshika kiuno cha dereva. Kutagaa juu ya pikipiki kulihesabiwa kuwa ni mambo ya wanaume na ya wasichana waliokosa wa kuwafunza. Kulikuwa na joto la kukaanga karanga, vumbi limeipaka migomba rangi ya matofali, na barabara imejaa matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia. Sidonie alikuwa akijichunguza njia nzima. Isingiro: hakuna kitu. Mtoni Rwizi: hakuna kitu. Walipofika Nyamitanga kumwona muuza nyuzi, alikuwa akiimba. Wakarudi, na aliposhuka Juru alijinyoosha mgongo, akapiga hatua mbili tatu, akatabasamu.

"Nguo ni nzuri," alisema. "Sasa utaenda mpaka Kikagati ukiwa unalala usingizi."

Jumamosi ya pili Appolinaire alisimama mara tisa. Vifaranga arobaini na mmoja wakafa, na jioni simu ya Mastula ikaingia.

"Appolinaire, banange, unaniuzia makaburi? Imebaki Jumamosi moja. Moja tu! Kalume amekuja hapa kwangu, amevaa na kofia yake ya kuendesha. Mimi nilimwambia ngoja kidogo."

Sidonie alikuwa pale pale, akasikia kila neno. Hofu ilimshika, kwa maana alijua kilichokuwa nyuma ya pikipiki ile: ni jembe la mashamba ya watu, linamngoja mumewe pembeni ya mlango. Lakini hofu ikiingia kwa mtu mwenye uhakika huzaa hasira.

"Baba Divine, tuseme ukweli," alianza. "Miye nilivaa nguo ile ile. Barabara ile ile. Jua lile lile. Sikuumia hata fasi moja. Weye unasimama mara tisa. Unasimamaka kwa nani? Kuko mwanamuke Isingiro?"

Appolinaire aliinuka. Kisha akatembea mbele yake, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi na kurudi, miguu imeachana kama ya mtoto aliyejikojolea.

"Angalia namna natembea," alisema kwa upole. "Mwanamuke gani atanitaka?"

Alichukua mkeka akaenda kujilaza kifudifudi nyuma ya nyumba.

Jumatatu Sidonie alifua. Alikuwa bado amenuna, na mikono yake ilizisugua nguo kana kwamba zimemkosea. Alipoifikia ile bukta ya mumewe akaigeuza ndani nje, akaacha kusugua. Akaisogeza karibu na macho. Zile tabaka mbili za nyuma, godoro alilolitengeneza kwa makini, zilikuwa mpya kama siku zilipotoka dukani. Hazikuwa na hata doa la jasho. Doa lilikuwa kwingine. Lilikuwa katikati, chini kabisa, pale ilipokutana mishono minne. Lilikuwa la kahawia, na halikutoka kwa sabuni. Kutoka hapo doa jingine jembamba lilishuka kila upande kwa ndani ya mapaja, likifuata pindo.

"Kumbe fasi ya kukalia si matako," alijisemea. "Sasa yangu mbona ni safi?"

Akaichukua bukta yake, akailinganisha. Safi pande zote. Nguo pacha, fundi mmoja, siku moja ya kuzaliwa, moja imetoka damu na nyingine haina habari.

Kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa. Bila kuwaza Sidonie aliitandaza bukta ya mumewe juu ya kiti cha pikipiki, iliyoegeshwa juani. Mguu mmoja wa bukta ukaangukia huku, mwingine kule. Na ule msalaba wa mishono, mgumu kama fundo, ukakaa juu kabisa ya mgongo wa kiti. Sidonie akabonyeza hapo kwa kiganja. Fundo likamchoma. Akachukua na ya kwake, akaitandaza kama yeye alivyokaa: upande. Mshono wa katikati ukaning'inia hewani, haugusi kitu.

Alisimama pale na povu mikononi. Siku ile ya Mbarara alipanda pikipiki kweli, akaenda kweli, akarudi kweli. Lakini uzito wake wote ulikuwa juu ya paja moja na tako moja, kama mtu aliyekaa kwenye ukuta. Safari ya mumewe hakuwa ameigusa hata kidogo.

Jioni alimwambia, "Kesho unanipeleka Mbarara tena."

"Nyuzi zimeisha?"

"Hapana. Nataka kukaa kama weye."

Appolinaire alidhani ni mzaha, mpaka asubuhi alipomwona mkewe ametoka amevaa suruali yake, ameikunja chini mara tatu, na ndani yake bukta ya kitenge. Mkononi alikuwa na chaki ya fundi, ile bapa ya kuchorea vitambaa. Akapandisha mguu, akatagaa.

"Mama Divine, bantu batasema nini?"

"Batasema mingi. Endesha."

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Pélagie, kiongozi wa kwaya, mwanamke mzito aliyekuwa akitwanga mihogo kando ya barabara. Mchi ulibaki hewani.

"Sidonie! Ni weye huyo?"

"Ni miye, mama. Shikamoo."

"Na miguu yako inaenda wapi?"

"Moja huku, moja huku, mama."

"Wee! Mama wa kwaya! Na wajukuu wangu banaangalia! Appolinaire, na weye umenyamaza tu?"

Appolinaire alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Akatia moto, wakaondoka na vumbi lao.

Kwa nusu saa ya kwanza Sidonie hakusikia chochote, akaanza kuogopa kwamba huenda mumewe kweli ni mlegevu. Kisha kitu kidogo kikaanza, kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu. Akajisogeza. Chembe ikahamia naye. Jasho likashuka, kitenge kikalewa maji, na kila tuta la barabara likawa kama mtu aliye chini yake anayepiga nyundo kwenye ukucha. Bukta, kwa upana wake, ikaanza kupanda mapajani na kujikunja kama kamba. Alijaribu kujiinua kwa miguu. Alijaribu kuinamia mbele. Kabla ya kufika Isingiro alimpiga mumewe mgongoni kwa viganja vyote viwili.

"Simama! Simama, Baba Divine! Nakufa!"

Akateremka, akatembea vile vile alivyotembea mumewe kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi. Appolinaire alitaka kucheka, akaona machozi machoni mwa mkewe, akaacha.

"Unisamehe," Sidonie alisema. "Ile neno la mwanamuke Isingiro. Unisamehe sana."

"Yamekwisha. Tuliskilizana vibaya. Na miye nilikuambia fasi ya kukalia."

"Juu ya nini hukuniambia fasi kabisa kabisa?"

"Ningeiita jina gani?"

Sasa wakacheka wote wawili. Kisha Sidonie akaingia nyuma ya migomba na chaki yake. Mahali palipomchoma kama moto aliweka duara. Mahali palipomkwaruza aliweka msalaba. Palipojikunja, mstari. Akajifunga, akarudi, akapanda tena akiuma meno.

"Turudi nyumbani," Appolinaire alisihi.

"Bado. Weye hauishiaka hapa."

Akaanza kuuliza, na hakunyamaza hadi Mbarara. Jasho linaanzia wapi? Linafika chini saa ngapi? Ukikanyaga breki unasogea mbele au nyuma? Kuteremka mlima kunauma kuliko kupanda? Nailoni ilikuwa inafanya nini ambacho kitenge hakifanyi? Kwa kuwa alikuwa nyuma yake na hawakutazamana machoni, na upepo ulikuwa ukiyachukua maneno mara tu yanapotoka, Appolinaire akafunguka. Alieleza kila kitu kwa majina yake. Nailoni hainywi jasho, alisema. Inaliacha likae juu ya ngozi, kisha inashikamana nawe kama gundi, ukisogea inavua ngozi. Kitenge kinakunywa jasho lakini hakikauki, kinabaki kizito na kigumu. Kubana sana ni vibaya. Upana nao ni vibaya, kwa sababu nguo inatafuta pa kujikunja. Miaka tisa ya ndoa, Sidonie hakuwahi kumsikia mumewe akisema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Waliporudi Juru bukta ilikuwa imejaa chaki kama ubao wa darasa. Aliitandaza juu ya meza, akaitazama jinsi mtu atazamavyo ramani ya nchi anayotaka kuhamia. Duara zote ziliuzunguka mshono wa katikati, ule alioupitia mara tatu, ule aliojivunia kwa watu. Hakukuwa na adui mwingine pale. Adui alikuwa ni ufundi wake.

Siku tatu zilizobaki alifanya kazi kwa namna iliyowashangaza majirani. Aliloweka vipande vitatu vya kitambaa katika maji ya chumvi, maana jasho ni chumvi: kimoja nailoni, kimoja kitenge, na kimoja cha fulana ya mtumba, ya pamba nyepesi, iliyofuliwa na watu asiowajua mpaka ikalainika kama sikio la mbuzi. Akavifunga kwapani, kimoja kila siku, akashinda anashona mkono ukisugua ubavu. Siku ya nailoni hakufika adhuhuri. Siku ya kitenge alivumilia mpaka alasiri, akakifungua ngozi ikiwa nyekundu. Siku ya fulana alisahau kwamba amekifunga, akakikuta wakati wa kuoga.

Basi akachukua fulana mbili. Akakata kipande kimoja kirefu, kipana kama ulimi wa ng'ombe, kianzie kiunoni mbele, kipite chini, kitokee kiunoni nyuma bila mshono wowote katikati. Mishono ya pembeni akaisogeza hadi mbele ya mapaja, ambako mtu hakalii. Miguu akaifanya mirefu, ifike nusu ya paja na kulishika kwa upole, isibane wala isipande. Mwisho akafanya jambo ambalo fundi yeyote angemcheka: akaigeuza nguo, makovu ya mishono yakawa nje, upande laini ukawa wa ngozi. Vidole vyake vilimwasha kutaka kupita mara ya pili juu ya uzi. Akavikataza. Alishona mara moja tu, na sindano ikanyamaza.

"Hizi ni mbili," alimwambia mumewe. "Moja unatoka nayo. Wakati banapokea maboksi Isingiro, ingia kwenye choo yao, badilisha. Usikae na maji."

Jumamosi ya tatu ikafika. Appolinaire aliondoka kabla ya jua, na Sidonie akakaa kibandani na nguo ya mtu mbele yake. Hakuna mshono ulionyooka siku ile. Jua lilipanda, likawa kali kuliko Jumamosi zote mbili, hata mbwa wakajichimbia chini ya maboma ya matofali. Saa nane Kalume alikuja kuegesha pikipiki yake mbele ya kibanda. Ikakohoa mara tatu, ikazimika. Alikuwa amevaa kofia yake.

"Mama Divine, salama? Nasikia leo pikipiki nyekundu inatafuta bwana."

"Bwana inaye."

"Nasema tu. Mara ya kwanza alifika saa kumi na moja. Mara ya pili saa moja kasoro. Leo na jua hii..." Akapuliza mdomo kama mtu anayepoza chai. "Miye siombi mabaya, dada. Nangojea tu."

"Ngojea. Benchi haina wivu."

Kalume akakaa, lakini Sidonie aliona kwamba hakukaa kwa raha. Alikuwa ameegemea upande mmoja, kisha akahamia upande mwingine.

Haikutimia saa kumi. Mlio ulisikika kutoka upande wa kilima, mlio mmoja usiokatika, na pikipiki nyekundu ikaibuka na vumbi lake. Appolinaire alipita mbele ya kibanda bila kusimama, akainua mkono mmoja, akaenda moja kwa moja kwa wateja wa mwisho waliokuwa wakingoja chini ya paa la ghala. Sidonie aliacha cherehani, akakimbia. Kalume akakimbia nyuma yake.

Boksi likafunguliwa. Vifaranga mia wakapaza sauti kwa pamoja, kelele kama mvua juu ya bati, wakipandana migongoni, midomo juu. Mwanamke mmoja akawageuza geuza, akitafuta aliyelala. Hakumpata.

Simu ikaita. Mastula alikuwa na sauti ya kufika bila simu.

"Appolinaire! Nimepigia bantu yote. Kikagati wanasema kuku mzima. Isingiro wanasema wawili tu wamekanyagwa na wenzao, hiyo si kosa yako. Ssebo, umewapa dawa gani?"

Appolinaire alimtazama mkewe. "Dawa ni ya bibi yangu, nyabo. Na hakunywesha kuku."

"Sijaelewa, lakini kale, sawa. Pikipiki ni ya kwako ya kazi. Jumamosi kuja mapema, maboksi imeongezeka." Akakata.

Appolinaire akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Fizi. Kalume aliivua kofia yake, akaigeuza mikononi, akaondoka.

Alirudi Jumatatu. Alizunguka kibanda mara mbili kama mtu anayetafuta mbuzi, akasubiri wateja wamalizike, ndipo akainama dirishani.

"Dada Sidonie," alinong'ona, "ile kitu ya Appolinaire. Nipatie na miye. Miaka minne naumia, nilidhani njo kazi yenyewe ilivyo. Lakini ya kwangu uishone mara mbili, iwe na nguvu. Wataka kupima kiuno?"

Sidonie alikuwa tayari ameshika utepe wa kupimia. Akauweka chini. Akatoka nje, akaizunguka pikipiki kuukuu ya Kalume. Kiti chake kilikuwa kimepasuka katikati, kimeshonwa kwa waya, kimeinama mbele kama mteremko. Akakipapasa kwa kiganja, akakunja uso.

"Kiuno baadaye," alisema. "Kwanza zungusha ufunguo. Nipeleke mpaka Isingiro na kurudi."

"Lakini si umeshona ya Appolinaire? Shona tu kama ile."

"Kiti ya Appolinaire si kiti yako."

Akaingia ndani, akatoka amevaa suruali, chaki mkononi, akatagaa. Kalume akavaa kofia yake. Akapiga teke mara nne, pikipiki ikakohoa, ikawaka. Hawakuwa wamefika mbali walipomkuta Mama Pélagie amesimama katikati ya barabara, mikono imekunjwa, mwili wote umekuwa kizuizi.

"Tena?" aliuliza. "Leo na bwana wa mutu mwingine? Sidonie mwanangu, weye ni fundi. Mutu akuletee kipimo, ushone, alipe, aende. Inakuhusu nini kupanua miguu juu ya kila pikipiki ya Juru? Huoni haya?"

Sidonie aliteremka kwa heshima, akamshika mkono mama huyo kwa mikono yake miwili, akamsogeza taratibu pembeni ya barabara. Kisha akapanda tena, mguu mmoja huku, mguu mmoja huku.

"Haya naona, mama," alijibu. "Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."